Wapima Udongo na Wenye Mtaa

Msomaji, kama wakaa Eldoret, au kama umepata kupita huko, hapana shaka waijua Huruma. Sisemi Huruma ya Nairobi, iliyo jirani ya Korogocho na Dandora, maana mitaa yetu hupenda kuazimana majina, na Dandora yenyewe nitaitaja baadaye. Nasema Huruma ya Eldoret, katika Kaunti ya Uasin Gishu: mji ulioanza mwaka wa 1910 penye shamba lililokuwa na nambari 64, ukaitwa Sisibo na wenyeji kwa kuigiza nambari hiyo ya Kiingereza, na ambao mwezi wa Agosti 2024 ulipewa hadhi ya jiji. Mto Sosiani hupita katikati ya mji huo, hupokea maji ya mvua yatokayo barabarani, gereji na viwandani, kisha huendelea na safari yake kupita Huruma.

Huruma ni mtaa wa watu wengi wenye kipato kidogo: wafanyakazi wa viwandani, mafundi wa jua kali, wachuuzi, mama wauza mboga. Kwa miaka mingi mtaa huo umejulikana pia kwa jaa la taka la mji. Sasa, jaa la mji wowote halichagui kinachotupwa. Hupokea maganda ya ndizi na majivu, lakini hupokea vilevile betri kuukuu, mikebe ya rangi, redio zilizovunjika, mafuta machafu ya magari na dawa zilizokwisha muda. Vitu hivyo hunyeshewa na mvua, huchomwa moto, hupeperushwa na upepo. Mtu akijenga chumba karibu na hapo, na mtoto wake akitambaa mlangoni, swali moja hapana budi kuulizwa: je, udongo huu wadhuru?

Swali hilo ni fupi, walakini si jepesi. Haliwezi kujibiwa kwa macho, maana udongo wenye sumu huweza kuwa mwekundu na mzuri kama udongo mwingine. Haliwezi kujibiwa kwa pua pia. Lataka vipimo, na vipimo vyataka wataalamu. Lakini nataka kukuonyesha, kwa mambo yaliyotukia kweli, kwamba mtaalamu peke yake hawezi kulijibu, na kwamba mara nyingi asingalijua hata pa kuchomeka koleo lake kama mwenye mtaa asingalimwonyesha. Kwa ajili hiyo tuiache Huruma kwa muda, tushuke pwani.

Upande wa bara wa Mombasa, katika Jomvu, upo mtaa uitwao Owino Uhuru, wenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka wa 2007 kiwanda cha Kenya Metal Refineries kilianza kazi ubavuni mwa mtaa huo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi iliyomo ndani. Risasi niitajayo si ile ya kupigia ndege, bali ni madini yenyewe: mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo ile ya bunduki iliyachukulia jina. Moshi wa kiwanda ulitua juu ya mabati na nguo zilizoanikwa. Maji yake machafu yalipita mtaani. Watu walianza kukohoa na kuwashwa macho. Kina mama walisimuliana habari za mimba zilizoharibika. Kila mmoja alidhani ni balaa la nyumba yake.

Hapa inafaa ujue tabia ya madini hayo. Mtu mzima huweza kuyavuta kwa pumzi au kuyala, lakini anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Yeye hucheza chini, hutia vidole kinywani, na tumbo lake hufyonza risasi kiasi cha mara nne au tano kuliko tumbo la mtu mzima. Risasi hupita kutoka kwa mama mjamzito hata kwa mtoto aliye tumboni. Ikiingia mwilini hujificha mifupani kwa miaka mingi. Hupunguza damu, huumiza figo, na baya zaidi, huuharibu ubongo ungali unakua, hata mtoto akawa mzito wa kujifunza asijulikane kwa nini. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiasi chochote cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Na dalili zake ni za hila: maumivu ya tumbo, uchovu, kukosa hamu ya chakula, homa za mara kwa mara. Nani katika nchi yetu, akiona dalili hizo, hatasema malaria au homa ya matumbo?

Ndivyo ilivyomtukia Phyllis Omido. Mwaka wa 2009 aliajiriwa katika kiwanda kile, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kushughulikia tathmini ya athari za kiwanda kwa mazingira, ingawa moto wa tanuri ulikuwa umekwisha kuwaka zamani. Alishauri kwamba kiwanda kihamishwe. Ushauri wake haukupendeza. Muda si muda mtoto wake mchanga aliugua. Matabibu walitafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, wasione kitu, mpaka ilipopimwa risasi, nayo ikaonekana damuni. Mama akatambua kwamba maziwa yake mwenyewe huenda ndiyo yaliyokuwa chombo cha sumu. Mwingine angalimchukua mwanawe akaenda zake. Yeye aliuliza swali la pili: kama mwanangu anayo, na wale wanaolala nyuma ya ukuta je? Watoto watatu wa mtaani wakapimwa, na wote watatu wakaonekana na risasi kupita kiasi.

Watoto watatu si wengi, na mtu wa takwimu atakuambia kwamba hesabu hiyo haitoshi kuthibitisha neno. Ni kweli. Lakini ilitosha kuwaondolea watu ule upweke wa kudhani kwamba kila nyumba ina balaa lake. Walianza kukutana, kuhesabu wagonjwa, kuandika barua na kubisha milango ya ofisi. Omido aliacha kazi akaunda chama cha kutetea haki za mazingira. Milango mingine haikufunguka. Mwaka wa 2012 yeye mwenyewe alikamatwa kwa kuongoza maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Barua zikaendelea. Mwezi wa Januari 2014 kiwanda kilifungwa.

Ungedhani hadithi imekwisha. Lakini risasi haiozi kama jani, wala haiyeyuki kama chumvi. Tanuri likizimwa, iliyokwisha kutua udongoni hukaa. Basi mwaka wa 2015 wachunguzi wa afya walifika Owino Uhuru wakachukua damu ya watoto walio chini ya miaka mitano, na udongo na vumbi la nyumbani. Nao hawakuishia hapo. Walikwenda na mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh (nimekwisha kukuambia habari za kuazimana majina), ambao watu wake wana hali ya maisha kama ya Owino Uhuru, lakini hawakupakana na kiwanda kile. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Bangladesh ulikuwa mikrogramu 3.7 kwa kila desilita. Katika watoto wa Owino Uhuru ulikuwa 7.4, yaani mara mbili kamili. Wakati huo kiasi cha 5 ndicho kilichohesabiwa kuwa mpaka wa kuchukua hatua.

Angalia, msomaji, jinsi kazi ilivyogawanyika. Wataalamu ndio waliojua kupima, kulinganisha na kuhesabu wastani. Lakini nani aliyesema kwamba pale ndipo pa kupima? Kenya ina mitaa mingi ya mabanda. Hakuna ramani ya serikali iliyokuwa imetia alama nyekundu juu ya Owino Uhuru. Alama hiyo ilitiwa na watu waliokohoa.

Kisa hiki cha Mombasa kina ndugu yake mkubwa ng'ambo ya bahari, katika Marekani, nami nitakisimulia kwa urefu kidogo kwa sababu kina jambo moja ambalo Owino Uhuru haina. Katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa mtu aitwaye William Love alianza kuchimba mfereji mkubwa, fedha zikamwishia, akauacha shimo. Tangu miaka ya 1940 kampuni ya Hooker Chemical ililitumia shimo hilo kufukia takataka za kemikali, kiasi cha tani 20,000, kisha ikalifunika kwa udongo. Mwaka wa 1953 kiwanja hicho kiliuzwa kwa bodi ya elimu ya mji kwa bei ya dola moja. Shule ikajengwa juu yake. Nyumba zikajengwa kandokando.

Mwaka wa 1978 mama mmoja wa nyumbani, Lois Gibbs, ambaye mwanawe alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo na alikuwa akishikwa na kifafa, alianza kwenda nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi ili shule ifungwe. Alikwenda kutafuta sahihi, akakuta magonjwa. Tarehe 2 Agosti mwaka ule serikali ya jimbo ilikiri kwamba pana hatari, ikashauri wanawake wajawazito na watoto wa chini ya miaka miwili waondoke katika nyumba zilizopakana na mfereji. Wakaao mbali kidogo waliambiwa kwamba wao wako salama, maana sumu iko shimoni, na shimo liko mbali nao.

Lakini wale wa mbali nao walikuwa wakiugua. Gibbs na wenzake wakachukua ramani ya mtaa, wakatia alama kwenye kila nyumba yenye ugonjwa. Alama hazikuizunguka shimo kama duara, jambo ambalo wataalamu wangalilitazamia. Zilikwenda kwa mistari. Mistari gani hiyo? Wakaaji wa zamani ndio waliojibu: kabla ya nyumba kujengwa, palikuwa na vijito na mabonde madogo yaliyokatiza viwanja vile, wajenzi waliyafukia, na wapangaji wapya hawakujua habari zake. Mwanasayansi mmoja, Beverly Paigen, alikubali kukaa na akina mama hao mezani na kuichukua kazi yao kwa uzito. Alieleza kwamba maji ya chini ya ardhi hufuata njia zake za kale ijapokuwa juu pamepandwa majani, na kemikali husafiri nayo.

Maofisa waliposikia, walisema kwamba hizo ni takwimu za kina mama wa nyumbani, hazina maana. Hata hivyo mwezi wa Februari 1979, baada ya kuchungua wenyewe, walitoa shauri kwamba wajawazito na watoto wadogo wa sehemu ile ya mbali nao waondoke. Mwishoni mwa 1980 Marekani ikapata sheria ya kusafisha ardhi zilizochafuliwa. Nami naona kwamba katika habari hii yote hakuna kinachopendeza kama vile vijito vilivyofukiwa. Hakuna chombo cha maabara ambacho kingevitaja. Vilikuwa vimehifadhiwa katika kumbukumbu za wazee, na katika picha walizopiga zamani bila kukusudia elimu yoyote.

Usinidhanie, msomaji, kwamba nasema jirani hakosei. Hukosea sana. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba udongo wake una sumu hukumbuka kila kikohozi cha miaka kumi. Yule wa mtaa mwingine, asiyeambiwa neno, husahau vyake. Magonjwa machache yakitokea nyumba chache zilizokaribiana huenda ni bahati mbaya tu, kama vile karata za rangi moja zinavyoweza kufuatana mkononi. Tena wako wanaoongeza chumvi kwa kutumaini fidia, na wako wanaoficha ugonjwa kwa kuona haya. Ndiyo maana watoto wa Bangladesh walikuwa wa lazima: bila wao, namba za Owino Uhuru zingekuwa kilio bila kipimo. Ushuhuda wa mtaa waonyesha mahali pa kutazama, na kipimo chaonyesha kilichopo mahali hapo. Mwenye kuchukua kimoja akaacha kingine atapotea, na wengi wamepotea kwa njia zote mbili.

Hata humu nchini palikuwa na mfano kabla ya ule wa Mombasa. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi wa jaa la Dandora, Nairobi, ambalo lilianza miaka ya 1970. Watoto 328 walipimwa, na karibu nusu yao walionekana na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Uchunguzi huo ulifanywa kwa msaada wa kanisa na shule ya St John ya Korogocho, mahali ambapo wazazi walikuwa wamezoea kuwapeleka watoto wao na kuwaamini waliowapokea. Sidhani mgeni mwenye sindano angaliweza kuwakusanya watoto wengi hivyo kwa kupiga kengele barabarani.

Sasa turudi Huruma. Tuseme wapima udongo wamefika leo, na gari lao limesimama karibu na jaa. Wataanzia wapi? Desturi yetu ni kuitisha baraza. Chifu atakuja, wazee watakuja, wenye nyumba watakuja na makoti yao. Lakini fikiri ni nani hatakuja. Mama mchuuzi hatakuja, maana baraza huitishwa saa za soko. Mpangaji atakaa kimya, kwa hofu kwamba akisema nyumba ina sumu ataambiwa ahame, na mwenye nyumba atanyamaza kwa sababu nyingine, yaani kodi. Na mwokota taka, ambaye ndiye anayelijua jaa kuliko mtu yeyote, anayejua ni lori gani humwaga wapi, ni pembe gani hutoa moshi mweusi, na betri huvunjiwa chini ya mti upi, huyo aghalabu hata haalikwi, kwa kuwa nguo zake ni chafu. Naye akialikwa atauliza kwa haki kabisa: mkilifunga jaa, wanangu watakula nini? Swali hilo ni sehemu ya uchunguzi. Asiyekuwa na jibu lake asitazamie kuambiwa kweli.

Kwa hiyo baraza moja halitoshi. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao huingia nyumbani kwa watu na wajua kila mlango una mtoto wa umri gani, ni wa kuanzia nao. Yafaa ichorwe ramani na wenye mtaa wenyewe, ionyeshe mahali watoto wanapochezea, visima, mashimo yaliyofukiwa, mahali Sosiani hufurikia wakati wa masika, viwanja vilivyojazwa kwa taka ndipo vikajengwa. Kisha ndipo udongo uchotwe, nao uchotwe juujuu, katika sentimeta chache za kwanza, maana huo ndio unaogusa mikono ya watoto. Aliye na haraka ya kuchimba chini sana hupima udongo ambao hakuna mtoto aulaye. Damu ikichukuliwa kidoleni, sharti mkono uoshwe vizuri kwa sabuni kwanza, kwa sababu vumbi la kidoleni huweza kuingia katika tone la damu na kulisingizia risasi ambayo haimo mwilini. Mzazi akielezwa sababu hiyo kwa lugha yake atamshika mtoto mwenyewe na kumwosha. Asipoelezwa, ataona dharau, kana kwamba ameambiwa mwanawe ni mchafu.

Tena wanayo haki ya kuuliza. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 69 huiagiza serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kuyalinda. Watu wa Owino Uhuru waliposhika njia ya mahakama mwaka wa 2016, vifungu vya namna hiyo ndivyo walivyosimamia. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo. Mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha. Piga hesabu: watoto waliotolewa damu mwaka wa 2015 wakiwa hawajatimiza miaka mitano walikuwa wamekwisha kuwa wanafunzi wakubwa hukumu ya mwisho ilipotoka, na baadhi yao ni wa rika lako wewe unayesoma ukurasa huu.

Jambo moja wapima udongo hulisahau kuliko yote, nalo ni kurudi. Huja na sanduku la barafu, huchukua damu, huandika majina, hushukuru, huondoka. Majibu husomwa mkutanoni katika mji mwingine, kwa lugha nyingine. Mama aliyemshika mtoto akilia hajui mpaka leo namba ya mwanawe. Ukija kuwa mpimaji wa namna hiyo, na wengine katika ninyi mtakuwa, ukafika Huruma au mtaa mwingine wowote ulio jirani na jaa, taja siku ya kurudi na majibu kabla ya kufungua sindano ya kwanza, uiandike ukutani mwa zahanati kwa herufi kubwa, na useme ni nani atakayeyasoma, na kwa lugha gani, na mtoto atakayeonekana na risasi atapelekwa wapi kesho yake asubuhi.